Leza isiyotishwa na joto: Safari ndefu ya nukta za kwanta

MWAKA wa 1982, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Tokyo nchini Japani, Yasuhiko Arakawa na Hiroyuki Sakaki, walichapisha makala mafupi yenye ahadi kubwa. Walieleza kwamba endapo elektroni zingefungiwa katika vijumba vidogo mno, kiasi cha kukosa nafasi ya kusogea mbele, kando wala juu, ingewezekana kuunda leza isiyobabaishwa na joto.

Hakuna aliyejua wakati huo jinsi ya kuvijenga vijumba vya aina hiyo ndani ya leza. Wawili hao walilazimika kuiga tu hali yenyewe: waliitia leza ya kawaida ndani ya nguvu kali za sumaku, ambazo huzifanya elektroni kuzunguka papo hapo badala ya kutangatanga. Ama vijumba vyenyewe, hivyo vilisubiri miaka mingine 12.

Leo huitwa nukta za kwanta. Ni chembe za fuwele zenye upana wa nanomita chache, nanomita moja ikiwa ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000, hivyo maelfu ya nukta hizi yanaweza kupangwa safu moja katika upana wa unywele huo.

Jina hilo si geni tena masikioni mwa wengi. Mwaka wa 2013 kampuni ya Sony ilianza kuuza runinga zenye nukta za kwanta, na mwaka wa 2023 Tuzo ya Nobel ya kemia ikawaendea Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov kwa kuzigundua na kuziunda.

Hata hivyo, runinga si leza. Katika runinga, nukta hupokea mwanga wa buluu na kuugeuza kuwa mwekundu au wa kijani, basi. Kuzifanya zitoe mwale wa leza ni shughuli ya namna nyingine kabisa, na ndiyo iliyowakosesha watafiti usingizi tangu enzi za makala yale ya Tokyo.

Mwanga wa taa ya kawaida unafanana na kelele za soko la Gikomba asubuhi: kila mchuuzi anapaza sauti yake, kwa wakati wake na kwa mlio wake. Mwanga wa leza ni kwaya. Mawimbi yote yana rangi moja, yanapanda na kushuka kwa pamoja, na yanaelekea upande mmoja. Ndiyo maana mwale wa leza husafiri mbali bila kutawanyika.

Siri yake ilifichuliwa na Albert Einstein mwaka wa 1917. Elektroni iliyopandishwa ngazi ya juu ya nishati inaposhuka hutoa chembe ya mwanga. Einstein alionyesha kwamba chembe ya mwanga ikipita karibu na elektroni iliyo juu, huweza kuishawishi nayo ishuke na kutoa chembe pacha, isiyotofautiana na ya kwanza kwa lolote. Pacha hao wawili huzaa wanne, wanne wakazaa wanane, na kadhalika.

Lakini kuna sharti. Elektroni zilizo juu lazima ziwe nyingi kuliko zilizo chini, la sivyo zile za chini huumeza mwanga kabla haujaongezeka. Kiasi cha umeme kinachohitajika kufikia hali hiyo huitwa kizingiti. Kabla ya kukivuka, umeme wote unaoingizwa huishia kuwa joto na mwanga hafifu usio na faida.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwezi Mei mwaka wa 1960, akitumia kipande cha yakuti nyekundu. Miaka miwili baadaye zikatokea leza ndogo za semikondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme nusunusu. Hizo ndizo zilizokuja kusoma santuri za CD na kurusha ujumbe katika nyuzi za kioo. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, mawasiliano ya intaneti ya Kenya, ambayo awali yalitegemea setilaiti, yalianza kupita chini ya Bahari Hindi yakiwa mimweko ya leza za jamii hiyo.

Adui mkubwa wa leza hizo ni joto. Ndani ya semikondakta ya kawaida, elektroni zilizopandishwa juu hazikai mahali pamoja. Zimetapakaa kama watu waliosimama kwenye mteremko, huyu juu kidogo, yule chini kidogo. Halijoto ikipanda, hutapakaa zaidi, na zile zilizosimama mahali hasa panapohitajika hupungua. Kizingiti hupanda. Mtumiaji huongeza umeme ili kukivuka, umeme huo huleta joto jingine, nalo joto hukipandisha kizingiti tena.

Ili kuukata mzunguko huo, leza nyingi za mawasiliano hufungiwa kipoozaji ambacho nacho kina njaa yake ya umeme. Ni sawa na kumwajiri mtu, kisha ukaajiri mwingine wa kumpepea.

Hapo ndipo nukta ya kwanta inapoingia. Kitu kikibanwa mno, kanuni za kwanta hukinyima mteremko na kukipa ngazi: elektroni husimama kwenye kipago hiki au kile, na katikati hapana pa kusimama. Vipago vikiwa mbali vya kutosha, joto la kawaida haliwezi kuirusha elektroni kutoka kimoja hadi kingine.

Ukubwa wa nukta ndio unaoamua vipago vikae wapi. Mpiga ngoma yeyote anaijua kanuni hii, kwani chapuo hulia kwa sauti nyembamba na msondo kwa sauti nene, ingawa zote ni mti na ngozi. Vivyo hivyo, kitu kilekile kikifanywa nukta ndogo hutoa mwanga wa buluu, na kikifanywa nukta kubwa zaidi hutoa mwekundu.

Alexei Ekimov aliliona jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 jijini Leningrad, ambalo leo ni St Petersburg, alipochunguza vioo vilivyotiwa kloridi ya shaba. Fuwele zilizojitengeneza ndani ya kioo zilibadili mwanga zilioumeza kadiri zilivyokuwa ndogo. Louis Brus aliona jambo hilohilo katika chembe zilizoelea ndani ya maji huko Marekani mwaka wa 1983, bila kujua kwamba Mrusi amemtangulia. Vita Baridi havikuwatenganisha wanajeshi pekee.

Basi nadharia ilikuwapo na chembe zilikuwapo. Lililokosekana ni namna ya kuzipanda nukta ndani ya fuwele ya leza ili umeme uzifikie. Kuchonga nukta moja moja kulijaribiwa, lakini uchongaji uliacha majeraha kwenye kingo, na elektroni zikapotelea humo.

Suluhisho lilitoka katika jambo ambalo mafundi wa fuwele walilihesabu kuwa balaa. Ndani ya chumba kisicho na hewa, atomu za indiamu na aseniki hunyunyizwa juu ya kipande cha galiamu na aseniki. Nafasi kati ya atomu za tabaka la juu ni pana kwa takriban asilimia 7 kuliko za kipande cha chini. Tabaka la kwanza hujibana likatoshea kwa taabu. Kabla ya la pili kukamilika, uvumilivu unakwisha, na tabaka linajikusanya kuwa vichuguu, kama mkeka mpana uliolazimishwa katika chumba chembamba unavyofura hapa na pale.

Ukuaji wa namna hiyo ulikuwa umeelezwa na Wabulgaria wawili, Ivan Stranski na Lyubomir Krastanov, mwaka wa 1938, miongo mingi kabla yeyote hajauhitaji kwa leza. Vichuguu hivyo, vyenye upana wa nanomita zipatazo 20, ndizo nukta zenyewe. Hufunikwa kwa tabaka jingine, na kazi inakuwa imekwisha bila patasi wala nyundo.

Mwaka wa 1994, kundi la Dieter Bimberg wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, likishirikiana na Nikolai Ledentsov, Zhores Alferov na wenzao wa Taasisi ya Ioffe ya St Petersburg, lilitangaza leza ya kwanza ya nukta za kwanta inayowashwa kwa umeme. Katika baridi kali, kizingiti chake kilitulia karibu kama Wajapani walivyotabiri.

Katika joto la chumba, ahadi ilififia. Elektroni zilipata nguvu za kutosha kuruka nje ya vijumba vyake, kwa sababu kuta hazikuwa ndefu vya kutosha. Aidha, vichuguu havikulingana. Katika kipande kimoja mlikuwa na machapuo na misondo ya kila kimo, na ni sehemu tu ya ngoma hizo iliyolia kwa mlio uliotakiwa.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya kazi isiyo na mbwembwe: kuinua kuta, kurundika safu za nukta moja juu ya nyingine, kusawazisha ukubwa. Mwaka wa 2004, kampuni ya Fujitsu pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwamo Arakawa mwenyewe, ilionyesha leza iliyorusha data kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde kutoka nyuzijoto 20 hadi 70 za selsiasi bila umeme wake kurekebishwa. Mwaka wa 2006 ikazaliwa kampuni ya QD Laser ya kuziuza, na mwaka wa 2011 ikatangazwa leza ya nukta iliyoendelea kuwaka mfululizo katika nyuzijoto 220. Maji huchemka kwa 100.

Ahadi ya joto ilikuwa imetimia. Lakini wakati huo sifa nyingine ya nukta, ambayo makala ya 1982 hayakuiweka mbele, ilianza kuonekana kuwa na thamani hata zaidi.

Sifa hiyo inahusu silikoni, kitu ambacho karibu kila tarakilishi duniani imejengwa nacho. Silikoni ni hodari wa kuhesabu, lakini katika kutoa mwanga ni bubu. Elektroni yake ikitaka kushuka hulazimika kubadili pia mwendo wake, na nishati karibu yote huishia kuwa mtikisiko wa atomu, yaani joto. Kwa hiyo ndani ya tarakilishi data hupita kwenye nyaya za shaba, ambazo nazo hupata moto kadiri kasi inavyopanda.

Gharama ya hali hiyo si ndogo. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Kawi, vituo vya data vilitumia uniti bilioni 415 za umeme mwaka wa 2024, sawa na takriban asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika duniani, na akili bandia inaendelea kuiongeza hesabu hiyo. Umeme huo hautumiki wote kusafirisha data, lakini kila sehemu ya shaba inayoweza kubadilishwa kuwa mwanga ni stima iliyookolewa.

Kinachoonekana rahisi ni kuotesha leza ya galiamu na aseniki moja kwa moja juu ya silikoni. Mkeka unagoma tena. Nafasi za atomu hutofautiana kwa asilimia 4, na tofauti hiyo huzaa mistari ya kasoro inayopanda ndani ya fuwele kama nyufa ukutani. Katika leza za tabaka jembamba, elektroni hutangatanga kila upande, na haipiti muda kabla haijatumbukia katika ufa. Leza za namna hiyo zilikufa mapema.

Elektroni iliyofungiwa ndani ya nukta haitangitangi. Kasoro ikipita katikati ya nukta fulani, nukta hiyo imekwenda na maji, lakini maelfu ya majirani zake hawana habari. Kifungo kilichobuniwa kuzikinga elektroni dhidi ya joto kikawa pia kinga dhidi ya nyufa.

Mwaka wa 2016, kundi lililoongozwa na Huiyun Liu wa Chuo Kikuu cha London, pamoja na wenzao wa Cardiff na Sheffield, lilichapisha matokeo ya leza ya nukta za kwanta iliyooteshwa juu ya silikoni. Ilitoa mwanga wa zaidi ya miliwati 105 katika joto la chumba na kuendelea kufanya kazi hadi nyuzijoto 120. Umri wake ulikadiriwa kuzidi saa 100,000, yaani miaka 11 na ushei.

Neno "ulikadiriwa" lina uzito wake. Watafiti hawakukaa miaka 11 wakiitazama. Waliiwasha kwa saa 3,100, zaidi kidogo ya miezi minne, wakapima inavyochakaa na kupiga hesabu. Ni njia halali inayotumiwa na wahandisi kote, ila tofauti kati ya kilichopimwa na kilichohesabiwa haipasi kusahauliwa. Huko Santa Barbara, California, kundi la John Bowers limekuwa likiifuata njia hiyo ya silikoni kwa miaka mingi, na limeonyesha pia kwamba leza hizi hazivurugwi kwa urahisi na mwanga wao wenyewe unaporudishwa nyuma, jambo linaloweza kuondoa haja ya kifaa ghali kinachouzuia mwanga huo.

Hadi hapa mambo yote yamehusu nukta zinazooteshwa katika mitambo ya mamilioni ya dola. Lipo tawi la pili la ukoo huu, la nukta zinazopikwa sufuriani, na hilo ndilo lenye ndoto kubwa na mkosi mkubwa.

Mpishi wake mashuhuri ni Moungi Bawendi wa taasisi ya MIT. Mwaka wa 1993, yeye na wanafunzi wake walichoma kwa ghafla malighafi ndani ya kimiminika chenye moto mkali, fuwele zikaanza zote kwa pamoja, kisha wakaongoza ukuaji wake kwa joto. Anayekaanga kaimati ataelewa mara moja: donge zikitiwa kwenye mafuta kwa wakati mmoja, huiva kwa kulingana, zikitiwa moja baada ya nyingine, za kwanza huungua za mwisho zikiwa mbichi.

Nukta zilizopikwa hivyo hubaki ndani ya kimiminika kama wino. Zinaweza kupakwa juu ya kioo, plastiki au silikoni, bila kujali nafasi za atomu zinalingana au la, na rangi huchaguliwa kwa kubadili ukubwa. Leza inayopakwa kama rangi ya ukutani ingekuwa rahisi mno kuliko ya kuotesha.

Mkosi wake ni huu. Kipago cha chini katika nukta hizi hutosha elektroni mbili. Ili mwanga uongezeke badala ya kumezwa, nukta nyingi lazima ziwe na zaidi ya elektroni moja juu kwa wakati mmoja. Lakini zikiwa mbili katika kijumba kidogo kiasi hicho, hugombana: moja inaposhuka, nishati yake haitoki kuwa mwanga bali hunyakuliwa na mwenzake, na hatimaye kupotea kama joto. Hayo hutukia kwa muda wa makumi au mamia machache ya sehemu za sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Hali ile ile inayohitajika kwa leza ndiyo inayoiua.

Mwaka wa 2000, Victor Klimov wa maabara ya Los Alamos, jimboni New Mexico, kwa ushirikiano na Bawendi, alionyesha kwamba mwanga unaweza kuongezeka ndani ya nukta hizi iwapo zitasongamana vya kutosha na kuchangamshwa kwa mimweko ya leza nyingine iliyo ya haraka kuliko ugomvi wenyewe. Maabara hayo, yaliyoanzishwa mwaka wa 1943 kuunda bomu la atomu, yamelishikilia suala hili tangu hapo.

Dawa iliyopatikana ni ganda. Nukta huvishwa tabaka la kitu kingine ambalo mchanganyiko wake hubadilika polepole kutoka ndani kwenda nje, badala ya kuwa na ukuta wa ghafla. Kuta laini hupunguza ugomvi wa elektroni kwa kiasi kikubwa. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, chini ya Edward Sargent, walipata leza ya mfululizo kutoka kwa nukta za wino, ila bado ilichochewa kwa mwanga wa leza nyingine. Leza inayohitaji leza ili iwake haina soko kubwa.

Kuna pia suala la sumu. Nukta nyingi zilizofikia hatua hizo zina kadimiamu, metali ambayo Umoja wa Ulaya umewekea mipaka mikali katika vifaa vya kielektroniki. Zipo za indiamu na fosforasi, ambazo ni afadhali, na runinga nyingi zimehamia huko. Kwa leza, bado kadimiamu ndiyo iliyotoa matokeo mengi makubwa.

Mwaka wa 2023, kundi la Klimov lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kifaa ambamo nukta za wino zilikuza mwanga kwa kuchochewa na umeme pekee. Tabaka la nukta lilikuwa jembamba mno hivi kwamba mwanga ulielekea kupenya nje na kumezwa na metali zinazoleta umeme, hivyo chini yake wakaweka tabaka za kurudisha mwanga, na juu wakaweka fedha. Umeme ulipitishwa kwenye eneo dogo kwa mipigo mifupi ili kifaa kisiungue.

Kilichotoka kwenye ukingo wa kifaa hicho ni mwanga uliokuzwa, wenye rangi iliyobanwa na nguvu iliyopanda ghafla. Haikuwa leza kamili, kwa kuwa hiyo huhitaji mwanga urudishwe kati ya vioo mara nyingi ili uwe wimbi moja. Kuongeza vioo hivyo bila kuongeza upotevu wa mwanga ndani ya metali ndiyo kazi ambayo kundi hilo lilijiwekea kwa hatua iliyofuata.